Je, Wajua? Goti Halisahau

Je, wajua kwamba pale kituo cha daladala Buhongwa, Mwanza, unaweza kumtambua mtu aliyecheza karate miaka thelathini kwa namna anavyoshuka garini? Hushika mlango kwanza, akatanguliza mguu mbovu, ule mzima ukabaki juu kubeba uzito. Konda anagonga bodi, abiria wanasukumana, yeye hana haraka. Kushuka ngazi hulibebesha goti mzigo unaozidi mara tatu ya uzito wa mwili. Mtu wa kilo 70 anaweka zaidi ya kilo 200 juu ya kiungo kimoja, hatua kwa hatua, tena kila siku. Mimi ni mmoja wa hao wanaoshika mlango. Safu ya leo nawaandikia wenzangu wa dojo, na zaidi wazazi wanaotuletea watoto jioni.

Je, wajua kwamba karate ya Goju-ryu ililetwa Tanzania na Mmarekani mweusi? Sensei Nantambu Camara Bomani alianza kufundisha Dar es Salaam mwaka 1973, pale Shule ya Sekondari Zanaki. Judo ya Zanzibar nayo ina historia yake: Tsuyoshi Shimaoka, Mjapani aliyehamia Unguja mwaka 1987, alianza kuwafundisha vijana mwaka 1992. Na katika Olimpiki ya Paris mwaka 2024, mmoja wa waliobeba bendera ya Tanzania alikuwa mwanajudo, Andrew Thomas Mlugu, wa uzito wa kilo 73.

Je, wajua maana ya jina hilo Goju? "Go" ni ngumu, "ju" ni laini. Chojun Miyagi wa Okinawa, mwasisi wa mtindo huo aliyeishi kati ya 1888 na 1953, aliona kwamba mwili unataka vyote viwili. Sisi vijana wa Mwanza tulishika ile ngumu. Laini tuliiacha ije na uzee, na uzee ulipofika tukakuta viungo havisikii tena.

Okinawa wana zoezi la kutembea wakiwa wameshika mitungi miwili kwa vidole, wakiibana kwenye shingo, kila siku wakiongeza mchanga kidogo ndani. Wana pia jiwe lililochomekwa mti, la kuimarisha viwiko na mabega. Huku kwetu jiwe hilo ni kopo la rangi lililojazwa zege, na mpini wa jembe katikati. Linafanya kazi ileile, mradi zege lisianze kulegea kwenye mpini. Likilegea, litupe.

Je, wajua kwamba ukano ulio katikati ya goti ukikatika unaweza kuusikia? Wangu niliusikia mwaka 1994, nikiwa na miaka 19. Tulikuwa tunapigana kumite juu ya sakafu ya saruji. Niligeuka kupiga teke la mzunguko. Kiuno kikageuka, paja likageuka, unyayo ukagoma. Kukatoka sauti fupi, kama muwa unaovunjwa juu ya goti. Mwenzangu aliisikia pia, akashusha mikono yake. Kufikia magharibi goti lilikuwa limevimba kama embe dodo. Nikapelekwa kwa mchuaji, akalikanda kwa mafuta ya moto, akalivuta, akalifunga kitambaa. Uvimbe ukashuka, maumivu yakapoa, baada ya wiki tatu nikarudi kupiga mateke.

Kosa lilikuwa hapo, nami sikuwa na mtu wa kuniambia. Goti linalovimba ndani ya saa chache baada ya sauti ya namna hiyo mara nyingi limejaa damu, na mara nyingi kilichokatika ni ule ukano. Ukano huo umezungukwa na ute wa goti, kwa hiyo damu iliyopaswa kuganda na kuziunganisha ncha mbili husambaa. Ncha hazikutani. Maumivu hupoa kweli, ndiyo maana mtu hudhani amepona, lakini goti limepoteza kamba inayouzuia mfupa wa muundi kuteleza mbele. Siku moja unashuka mawe ya kwenu, au unaruka mtaro wa maji, goti linachomoka. Kila linapochomoka husaga gegedu, ule mpira mweupe unaofunika ncha za mifupa, na gegedu halina mishipa ya damu ya kulijenga upya. Waliokatika ukano huu wakafuatiliwa kwa miaka kumi hadi ishirini, takriban nusu yao walikutwa goti limeanza kusagika. Nilikuwa na miaka 34 nilipoambiwa, mbele ya picha ya eksirei, kwamba goti langu ni la mzee.

Wasichana wako hatarini zaidi kwa jeraha hili, mara mbili na hata zaidi ya wavulana wa mchezo uleule. Dawa ya kinga inajulikana: kufundishwa kutua kwa magoti yaliyokunjwa, yakielekea upande wa vidole vya miguu, na kuimarisha misuli ya nyuma ya paja. Dakika kumi na tano za mwanzo wa mazoezi zinatosha. Nasikitika kuona madarasa mengi bado yanazimalizia kwenye kukimbia tu.

Je, wajua kwamba "ute wa goti" hauishi kama mafuta ya taa kwenye kibatari? Nyumba kwa nyumba, tangu Mkolani hadi Usagara, utaambiwa unywe maji ya bamia ili ute urudi, kwa sababu bamia inateleza na goti linateleza. Nimeyanywa miezi minne. Bamia ikifika tumboni humeng'enywa kama mboga nyingine yoyote. Ule utelezi wake hauna njia ya kufika gotini. Kinachopungua ni lile gegedu, na kinacholisaidia ni kupunguza uzito na kujenga misuli ya mapaja. Endelea kula bamia, ni mboga nzuri. Ila usiache kumwona daktari kwa ajili yake.

Dagaa ni habari nyingine. Je, wajua kwamba dagaa wa Ziwa Victoria, kwa kuwa tunamla mzima na mifupa yake, ni chanzo kizuri cha kalsiamu? Mzazi anayeniuliza mtoto wa karate ale nini, jibu linauzwa kwa kopo sokoni.

Je, wajua kwamba kidole cha mwisho ndicho kinachovunja mkono? Mtu asiyefundishwa akipiga ngumi kwa hasira, mara nyingi hugusa kwa fundo la kidole kidogo, na mfupa mwembamba ulio nyuma ya fundo hilo huvunjika shingoni. Madaktari wameupa mvunjiko huo jina la mabondia, ingawa bondia aliyefunzwa vizuri huumia hapo mara chache kuliko mlevi aliyepiga ukuta. Karate hufundisha kugusa kwa mafundo mawili ya kwanza, ya kidole cha shahada na cha kati, kwa sababu mifupa yake imenyooka na mkono wa mbele.

Na je, kupiga ubao kila siku huharibu mikono uzeeni? Mwaka 1985 jarida la Uingereza la tiba ya michezo lilichapisha uchunguzi wa wakufunzi 22 wa karate wa ngazi ya juu nchini humo. Walipimwa, wakapigwa picha mifupa ya mikono. Hawakukutwa na dalili kwamba mazoezi hayo yamewaletea ugonjwa wa viungo mapema. Mfupa hujijenga kufuata mzigo unaoubeba. Daktari Mjerumani Julius Wolff alilieleza jambo hilo mwaka 1892. Ila mzigo uongezeke polepole, na mfupa uwe umekomaa. Mfupa wa mtoto una sehemu laini karibu na ncha zake ambako urefu unatoka. Sehemu hiyo ikiumia, mkono unaweza kukua umepinda au ukabaki mfupi. Ndiyo maana napinga kabisa, na nimepinga mbele ya wenzangu, watoto wa miaka minane kupiga "push-up" za mafundo kwenye saruji au kuvunja vigae kwenye sherehe ili wageni wapige makofi.

Sikio la mwanamieleka huvimba na kukunjamana kama tambi kwa sababu damu huingia kati ya ngozi na gegedu, na gegedu likakosa chakula. Damu hiyo ikitolewa na daktari siku za mwanzo, sikio linapona. Ni jeraha la kale: sanamu ya shaba ya bondia aliyeketi, ya Wagiriki, iliyochimbuliwa Roma mwaka 1885, ina masikio hayohayo na pua iliyovunjika.

Jino la utu uzima likidondoka zima, lishike upande wa kutafunia, usiguse mzizi, usilisugue. Lisuuze haraka, lirudishe kwenye tundu lake, au liweke kwenye maziwa mabichi yasiyoganda, kisha kimbia kwa daktari wa meno. Ndani ya nusu saa nafasi ya kushika tena ni kubwa. Jino la utoto usilirudishe.

Pekupeku ni heshima ya dojo, lakini pepopunda inaishi kwenye udongo. Aliyechomwa na msumari aulizwe alichanjwa lini.

Sasa nitakaa kidogo kwenye jambo moja, kwa kuwa linaua.

Je, wajua kwamba mtu anaweza kupigwa kichwani, akasimama, akabishana na mwamuzi, akatembea kwa miguu yake, kisha akafa? Afrika Mashariki tunaye wa kumkumbuka. Robert Wangila wa Kenya alitwaa dhahabu ya ngumi katika Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, uzito wa kilo 67, bondia wa kwanza wa Kenya kufanya hivyo. Julai 1994, mwaka uleule wa goti langu, alipigana Las Vegas na mwamuzi akalisimamisha pambano. Wangila akalalamika kwamba angeweza kuendelea. Alifika chumba cha kubadilishia nguo, akapoteza fahamu, na baada ya siku mbili akafariki. Alikuwa na miaka 26.

Mshipa ukipasuka ndani ya fuvu, damu huanza kuvilia kidogokidogo, na mwanzoni ubongo huwa bado na nafasi. Katika kipindi hicho mtu huongea, hucheka, huomba maji. Nafasi ikijaa, ubongo unabanwa. Kwa hiyo kijana aliyepigwa kichwani leo jioni, kisha kichwa kikazidi kumuuma badala ya kupungua, akatapika, akasinzia ovyo, maneno yakawa mazito, au mboni ya jicho moja ikawa kubwa kuliko ya pili, huyo hasubiri asubuhi. Apandishwe bodaboda, bajaji, gari la jirani, chochote, afikishwe hospitali usiku huohuo. Maneno ya "mwacheni alale atakuwa sawa" nimeyasikia mara nyingi mno, na mengi yake yalitoka kwa watu wenye mapenzi mema.

Hata asipovuja damu, ubongo uliotikisika hautaki kutikiswa tena kabla haujatulia, hasa wa mtoto. Kwangu sheria ni nyepesi: umepigwa ukaona nyota, umeshangaa, umesahau tulikuwa kata (mfululizo wa mbinu) ya ngapi, leo umemaliza. Wiki hii umemaliza pia. Utarudi daktari akikubali.

Je, wajua kwamba daktari Mmarekani, Harrison Martland, aliandika mwaka 1928 juu ya mabondia wastaafu wanaoyumba na kusahau kama walevi? Karibu karne moja imepita. Muhammad Ali, aliyefika Dar es Salaam mwaka 1980 kwa kazi ya kidiplomasia ya Marekani, aligundulika na ugonjwa wa Parkinson mwaka 1984. Madaktari hawakukubaliana kama ngumi ndizo zilizouleta. Hata pambano lake la Kinshasa lilicheleweshwa na jeraha: lilipangwa Septemba 1974, mpinzani wake George Foreman akachanika juu ya jicho mazoezini, likasogea hadi Oktoba 30.

Na mwaka 2013 mabondia wanaume wa ridhaa wa ngazi ya juu waliacha kuvaa kofia ya kinga. Kofia huzuia kuchanika. Haizuii ubongo kutikisika ndani ya fuvu, kwa hiyo mzazi asidanganyike na kofia.

Je, wajua kwamba maumivu ya nyonga ya mtoto wa karate huenda hayahusiani na karate? Kanda ya Ziwa ina selimundu kwa wingi, na Tanzania ni kati ya nchi zinazoongoza duniani. Inakadiriwa watoto 11,000 hivi huzaliwa nayo nchini kila mwaka. Ugonjwa huo unaweza kuziba mishipa midogo inayolisha kichwa cha mfupa wa paja, mfupa ukafa polepole. Nimewahi kumwambia kijana aongeze kunyoosha miguu kwa sababu nyonga yake "imekaza". Mama yake alimpeleka kupimwa, si mimi. Tangu hapo mtoto akichechemea wiki mbili bila kuanguka popote, nawatuma hospitali kabla ya zoezi lolote. Tuna Bugando, inayopokea wagonjwa wa rufaa wa kanda nzima, na imekuwa juu ya kilima kile tangu mwaka 1971.

Je, wajua kwamba ushauri mzuri wa ng'ambo unaweza kuwa mbaya ziwani? Vitabu vyote vya magoti vinasema ogelea, maji yatakubebea uzito. Nilianza kwenda Luchelele alfajiri, nikakata maji hadi kiunoni, goti likafurahi. Miezi kadhaa baadaye nilikutwa na kichocho. Vijidudu vyake hutoka kwenye konokono wa majini, hupenya ngozi nzima isiyo na kidonda, na dakika chache zinatosha. Kichocho cha ziwa letu hukaa kwenye utumbo na ini, kwa hiyo usisubiri kukojoa damu ndipo ushtuke. Dawa ipo, praziquantel, lakini haikukingi usipate tena. Sasa mazoezi yangu ya maji nimeyaacha. Naendesha baiskeli, na nakaa ukutani kama niliyekalia kiti kisichokuwepo mpaka mapaja yatetemeke.

Barafu? Daktari Gabe Mirkin wa Marekani ndiye aliyeeneza mwaka 1978 kanuni ya kupumzika, barafu, kufunga na kuinua. Mwaka 2014 mwenyewe aliandika kwamba barafu ya muda mrefu inaweza kuchelewesha kupona. Itulize maumivu saa za mwanzo, basi. Kukanda kwa maji ya moto goti lililovimba leo, acha.

Vidonge vya diklofenaki vinavyouzwa kama pipi huchubua tumbo, na kwa mtu aliyetoka jasho jingi bila kunywa maji huumiza figo. Kuvimeza kabla ya mazoezi ili usisikie maumivu ni kuzima king'ora na kuuacha moto.

Je, wajua kwamba hata Bruce Lee alilazwa na mgongo? Mwaka 1970 alinyanyua chuma vibaya asubuhi moja, akaumia neva karibu na kiuno, akaambiwa hatapiga teke tena. Alikaa miezi kitandani akiandika, na maandishi hayo yakawa kitabu kilichotoka mwaka 1975, miaka miwili baada ya kifo chake. Filamu tulizoiga utotoni, za mateke yale, alizicheza baada ya jeraha hilo, na mgongo ulimsumbua maisha yake yote.

Keiko Fukuda alikuwa mwanafunzi wa mwisho aliye hai wa Jigoro Kano, mwasisi wa judo. Alipewa dan ya kumi mwaka 2011 akiwa na miaka 98, mwanamke wa kwanza kufika hapo, na hakuacha kufundisha hadi karibu na kifo chake mwaka 2013. Mikono yake ilishachoka kurusha watu zamani. Alifundisha kata.

Na kitu cha kwanza ambacho mwanafunzi wa judo hufundishwa, kabla ya kumwangusha mtu yeyote, ni kuanguka: kidevu kifuani, mgongo wa mviringo, mkono ugonge chini ubapa. Watafiti wa Uholanzi walipima wakaona kuanguka ubavu kwa mbinu hiyo hupunguza pigo la nyonga kwa zaidi ya robo. Wakaanza kuwafundisha wazee.

Dojo letu halina mkeka wa judo. Tumeshona magunia, tukayajaza pumba za mpunga, tukayapanga juu ya magodoro makuukuu. Watoto wanapoangukia hapo, vumbi la pumba linapanda hadi dirishani na jua la saa kumi na mbili linapita katikati yake. Wiki mbili zilizopita bibi mmoja jirani, miaka 68, aliteleza kwenye mawe akitoka kuteka maji, akaumia kiganja, nyonga ikasalimika. Alikuja na mkono umefungwa, akasimama mlangoni akiwatazama wajukuu wanavyojitupa na kuinuka.

"Mwangaluka, ngosha," akanisalimu kwa salamu ya asubuhi ya Kisukuma, ingawa ilikuwa jioni. "Hilo la kuanguka, mimi unaweza kunifundisha?"

Tumeanza Jumamosi, akiwa amepiga magoti, karibu kabisa na gunia, upande wa mkono mzima.